Mgeni Hashuki Topeni

Huku mjini ukisema unatafuta boti, watu wanakuona una hela za kuchezea. Nimelijaribu hilo kijiweni kwetu hapa Arusha. Mmoja akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu, mwingine akataka kujua nitaiegesha wapi, Mto Themi? Tukacheka, maana kijiwe bila kicheko si kijiwe. Lakini mimi sikuwa natania. Boti niliyokuwa naitafuta ni ya binamu yangu wa Mogitu, wilaya ya Hanang, na pesa yenyewe ni ya mafahali wawili na mbaazi za msimu mzima. Ikinunuliwa boti mbovu, hakuna fahali wa tatu.

Kwa asiyekujua kwetu: Mogitu iko chini ya Mlima Hanang, kwenye barabara kuu itokayo Babati kwenda Singida, pale inapochepuka njia ya Basotu na Haydom, upande wa Mbulu. Ni nchi ya ng'ombe, mahindi, mbaazi na upepo. Bahari tunaisoma kwenye ramani. Lakini maji tunayo, tena ya aina mbili. Lipo Ziwa Balangida, pana, la chumvi, lenye kina kifupi kiasi kwamba kiangazi kikikaza sehemu kubwa inabaki nyeupe kama unga na watu wanaokota chumvi. Na lipo Ziwa Basotu, la maji baridi, lenye samaki, viboko na majani marefu kandokando. Humo kwenye majani ndimo wanamokaa bata.

Nasema bata mwitu, siyo wale wa uani wanaokimbizana na kuku. Wapo wa mwaka mzima, kama yule mwenye uso mweupe anayepiga mluzi akiruka usiku, na yule mdogo mwenye mdomo mwekundu. Wapo pia wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia, wanaingia kuanzia Oktoba hivi na kuondoka Machi au Aprili. Bata hawa wana akili moja nzuri: wanapenda pale ambapo mtu hapendi. Maji ya kufika gotini, chini yake tope la kufika pajani. Huwezi kutembea, huwezi kuogelea. Ndiyo maana swali la boti likaja.

Binamu amemaliza kidato cha nne, ana miaka 19, na kazi hana. Mpango wake anaueleza vizuri kuliko wasomi wengi ninaowajua. Siku za kawaida avue samaki. Wakija wawindaji wenye leseni kutoka mjini, awapeleke kwenye bata kwa malipo. Wakija wale wa darubini, wanaotaka kuwaona ndege tu, awapeleke vilevile, na hao hawana hata kelele za bunduki. Chombo kimoja, riziki tatu. Baba yake, mjomba wangu, akanipigia simu. Sisi wawili tunaitana mjomba, yeye kwangu na mimi kwake, ndivyo tulivyozoea. "Mjomba," akasema, "wewe umesoma. Tuchagulie chombo kitakachodumu kuliko mimi."

Kabla ya chombo nikamwambia waanze kwa Bwana Nyama, yaani ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haina mchezo: bila leseni huwindi, hata kama bata ametua shambani kwako na anakutazama. Ndege gani wanaruhusiwa, wapi, lini, na kwa njia gani, hayo uliza ofisini kabla hujamwaga senti moja kwa fundi. Mjomba akaguna, lakini akaenda. Mambo ya karatasi naishia hapo. Kilichonikosesha usingizi ni tope.

Msomaji wa mjini analijua tope la kuchafua viatu. Huku kwetu neno hilo limebadilika uzito. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa. Tope la ziwani halishuki mlimani, limekaa tu linasubiri, lakini tangu siku ile mtu wa Hanang akisema "ni tope tu" wenzake wanamtazama. Kwa hiyo mjomba aliponiambia chombo kidumu, nilijua hazungumzii mbao peke yake. Ana mtoto mmoja wa kiume.

Nikaanza na hesabu. Mimi nimezoea kuandika mashairi, mengine ya mapenzi, lakini safari hii daftari langu lilijaa kilo na sentimita. Kanuni yenyewe ni ya shule: chombo huzama mpaka uzito wa maji kinayoyasukuma ulingane na uzito wake na vyote vilivyomo. Chukua boti ya sakafu bapa, urefu mita 4, upana mita 1. Kila sentimita 1 inayozama inabeba kama kilo 40. Boti yenyewe kilo 100, watu wawili kilo 140, mizigo kilo 20. Jumla 260. Gawanya kwa 40, unapata sentimita 6 na nusu. Ongeza kidogo, kwa sababu mbele na nyuma zimepinda juu na haziketi majini, tuseme 8. Maana yake boti hiyo inapita mahali ambapo maji hayafiki nusu ya goti.

Sasa chukua mtumbwi wa gogo. Urefu mita 5, upana nusu mita, tumbo la mviringo. Gogo la kiasi hicho linaweza kupita kilo 150 kabla hujaweka mtu. Tia watu wale wale wawili, linazama sentimita 20 na zaidi. Tofauti ya sentimita 12 hivi ni ndogo kuliko kiganja, lakini ziwani ndiyo tofauti ya kufika kwa bata na kukwama nusu njia huku bata wanakucheka.

Usije ukadhani ninaudharau mtumbwi. Ndicho chombo cha wazee na kina sifa zake. Hauna maungio, kwa hiyo hauna pa kuvujia. Tumbo la mviringo haligandi kwenye tope. Hili la kuganda watu wengi hawalijui: sakafu bapa ikikaa juu ya tope laini inanyonywa kama mdomo wa mtoto kwenye ziwa la mama, ukivuta moja kwa moja haitoki. Dawa yake ni kuitikisa upande huu na upande ule mpaka maji yapenye chini, kisha ndipo usukume. Mtumbwi hauna shida hiyo, unateleza.

Ubaya wake ni mwingine. Mwindaji akipiga bunduki kuelekea ubavuni, bunduki inamsukuma nyuma, na mtumbwi mwembamba unafuata. Binamu anasema aliwahi kuona mtu mzima akipinduka kwa kurusha wavu tu, sembuse baruti. Halafu mtumbwi ukiachwa juani kiangazi unapasuka kwa urefu, na ufa wa gogo hauna kiraka cha kuaminika. Na gogo lenyewe liko wapi? Mti wa kuchonga chombo cha watu wawili unakua miaka mingi sana, na msitu wa Mlima Hanang ni wa hifadhi, huendi na shoka kama unaenda sokoni. Kule Okavango, Botswana, mitumbwi yao inayoitwa mokoro ilichongwa kwenye miti mikubwa, mwegea ukiwamo. Siku hizi wengi wanatumia mokoro za faiba ili miti ipone. Wenzetu wenye maji mengi na miti mingi wameshaona mwisho wa gogo, sisi wenye mlima mmoja tutasemaje?

Faiba basi. Hiyo ndiyo washikaji wa kijiweni walinishauri kwa nguvu zote, maana inang'aa. Ni nyepesi, haiozi, haivuji, tope halina la kuifanya. Lakini ziwa letu maji yakipanda yanafunika mashamba na vichaka vya pembeni, na chini ya maji hayo kuna visiki na mawe. Faiba ikigonga kisiki inatoboka. Kuiziba unahitaji gundi yake maalumu na vitambaa vyake, na hivyo havikai duka la Mogitu pamoja na sabuni na kiberiti. Utavifuata Arusha au Mwanza. Nauli, siku mbili, kazi imelala.

Bati na alumini nazo nilizipima. Alumini ni nyepesi na ngumu, wawindaji wa Marekani wanaipenda sana kwa kazi hii hii. Ila maji ya magadi hayaelewani nayo, yanaila taratibu, na Balangida haiko mbali. Kijana mwenye boti akisikia kuna wageni wanataka kuona korongo na heroe huko, ataipeleka tu. Halafu alumini ikigongwa na upondo inalia kama sufuria limeanguka. Bata wote wameondoka, na mwindaji naye anakunja uso.

Injini je? Kila mtu aliniuliza injini. Jibu langu lilikuwa fupi. Injini ya kawaida ya boti inanyonya maji ya ziwani ili ijipoze. Maji yakiwa tope, inanyonya tope, njia zinaziba, inachemka na kufa. Pangaboi nalo linajifunga majani mpaka linakuwa mpira wa sodo, kama ule wa matambara tuliochezea utotoni. Huko Thailand, na kwenye mabwawa ya Louisiana, Marekani, walishaliona tatizo hilo. Wanatumia injini zinazopozwa kwa upepo, zenye mhimili mrefu unaotoka nyuma kama mkia, pangaboi likizunguka karibu na uso wa maji. Ni akili nzuri sana. Lakini ni akili ya mtu mwenye fundi wa injini jirani na petroli ya kutosha. Basotu, mkono wenye upondo unatosha.

Na hapa kuna jambo ambalo mtu wa Hanang hahitaji kufundishwa na kitabu. Ukitoka Mogitu kwenda Basotu unaingia nchi ya ngano. Miaka ya 1970 shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianza kulima huko mashamba makubwa, mwisho yakawa 7, juu ya ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wanachungia. Kulikuja matrekta na mashine za kuvunia za kila aina. Wazee wanasimulia mpaka leo jinsi zilivyokuwa zinapita zikitimua vumbi kama jeshi. Lakini vipuri vilitoka ng'ambo, na msaada ulipokoma miaka ya 1990 kilimo kile kikaanza kuchechemea. Nimekua nikisikia wazee wakisema, "Usifuge ng'ombe ambaye daktari wake anakaa ng'ambo." Nilipokuwa napima faiba na injini, sauti hiyo ilikuwa sikioni mwangu. Kitu kinachodumu ni kile ambacho kikivunjika jioni, kesho yake asubuhi unakitengeneza mwenyewe kwa nyundo ya jirani.

Hivyo nikabaki na boti ya mbao. Mbao za saipresi zinapatikana kwetu, ni nyepesi, na hazina haraka ya kuoza. Sakafu bapa, mbele ipinde juu ili isichimbe tope. Chini ya sakafu, kwa urefu, zipigiliwe mbao mbili nyembamba za kuburuzia: hizo zinabeba mikwaruzo ya mawe badala ya sakafu, na zikiisha unabandua na kupigilia nyingine. Tena zinaacha nafasi ya maji kupenya, kwa hiyo sakafu haigandi sana. Misumari iwe ya kuzuia kutu. Maungio yazibwe kwa pamba iliyolowa mafuta, ikifuatiwa na lami. Na kiangazi boti isianikwe juani kama mahindi. Iwekwe kivulini, imwagiwe maji mara kwa mara, maana mbao zikikauka zinasinyaa na maungio yanafunguka.

Niliandika yote hayo, nikachora na picha, nikapanda basi wikiendi moja nikaenda nayo Mogitu. Nilitegemea pongezi. Mjomba alivaa miwani akasoma mpaka mwisho, akasema vizuri, vizuri. Binamu alisoma akanyamaza. Kisha akauliza, "Kaka, hapa umeweka watu wawili. Boti ikikwama, nani anashuka?"

Nikasema wote wawili, si watashuka wasukume?

"Mgeni hashuki topeni," akasema. "Mgeni amelipa. Amevaa viatu vya bei, ameshika bunduki. Anayeshuka ni mimi. Na mimi nikishuka, boti inabaki na mgeni ambaye hajui upondo, na viboko wako upande wa pili."

Nilitazama mchoro wangu upya. Kila kitu kilikuwemo, urefu, upana, kilo, isipokuwa huyo mtu mmoja aliyezama mpaka mapajani huku anasukuma kilo 190 za wenzake na mbao. Nimesoma makala nyingi za wawindaji wa Ulaya na Marekani kuhusu boti za bata. Wanabishana rangi ya kujificha, kimo cha kiti, pa kumweka mbwa. Wengi wao wanajisukuma wenyewe, kwa hiyo swali la binamu haliwajii. Kwetu anayepiga ni mmoja na anayesukuma ni mwingine, na chombo kikiitwa imara, uliza imara kwa nani.

Tukakaa uani mpaka taa zikawashwa, tukapunguza na kuongeza. Upana tuliuacha mita 1, kwa ajili ya mgeni na bunduki yake. Urefu tukaushusha hadi mita 3 na nusu, ili mtu mmoja aweze kuitikisa na kuigeuza. Inazama zaidi kidogo, sentimita 9 hivi, lakini inatii. Nyuma tukaweka mbao ya kusimamia msukumaji, yenye mikwaruzo ya kuzuia utelezi, na pembeni yake kamba mbili zenye vitanzi, za kujivutia juu akiwa ameshuka. Kamba za shilingi chache, na hakuna picha hata moja niliyoiona yenye kamba hizo. Upondo uwe na kipande cha mbao kilichokingamishwa karibu na ncha ili usizame kama mkuki. Na ukizama ukagoma kutoka, sheria ni moja: achia upondo, usiachie boti. Ndiyo maana lazima kafi liwemo ndani siku zote.

Masharti ya mgeni tukayaandika kwenye kadibodi kwa kalamu nzito, kwa Kiswahili na Kiingereza. Bunduki moja tu ndani ya boti. Anapiga akiwa ameketi. Haipakiwi risasi boti ikiwa inasukumwa. Wote wawili wanavaa maboya, na boya la msukumaji linanunuliwa kwanza. Jua likizama tunarudi, hata kama bata ndiyo kwanza wanaingia, kwa sababu saa hiyo ndiyo viboko wanaanza safari zao za kwenda malishoni. Mgeni asiyetaka, aende akatafute ziwa lingine.

Mjomba alikuwa kimya muda wote huo. Mwishoni akauliza bei ya maboya mawili. Nikamtajia. Akapiga hesabu kwa vidole, akasema basi rangi tutapaka mwakani.

Fundi ameshalipwa nusu. Mbao zimelazwa chini ya mwembe zikikauka taratibu, na binamu anazigeuza kila jioni. Mafahali wameondoka, mbaazi zimeondoka. Kijiweni wananiuliza boti yangu ina injini ya farasi wangapi. Nawaambia ina ya kijana mmoja, na ndiyo maana tumeijenga kwa kumpima yeye.